Kuimba sio kuelewa: shabiki wa J-pop akipime wapi Kijapani chake

Mashabiki wa muziki wa Kijapani wana tabia moja ambayo mimi naiona nzuri sana na papo hapo inawaumiza, nayo ni hii ya kujipa levo. Mtu anaanza kupenda kundi fulani, anaimba, anatafuta maana ya maneno, anajifunza hiragana (herufi za sauti), anaingia kwenye kanji (zile herufi za maana zilizotoka China), na baada ya mwaka au miaka miwili ukimuuliza Kijapani chake kikoje anakujibu "nipo kama N3 hivi", yani ngazi ya katikati ya JLPT, ule mtihani wa Kijapani wenye ngazi tano, N5 ya chini mpaka N1 ya juu. Hiyo "kama hivi" ndo nataka tuiongelee, manake wengi wanaoisema hawajawahi kukaa kwenye chumba cha mtihani, na sio kwamba wanadanganya, wanasema wanachokihisi, ila wanachokihisi kimetokana na nyimbo, na kwenye kupima lugha hakuna kipimo kibovu kama wimbo unaoupenda.

Msimamo wangu nautoa mapema kabisa. Ukitaka kujua Kijapani chako kimefika wapi, acha kujipima kwa nyimbo, jipime kwa maongezi ya katikati ya nyimbo. Wajapani wenyewe wanayaita MC, wanatamka emu-shii, ule muda kwenye shoo ambapo muziki umekata, msanii anakunywa maji, anahema, alafu anaanza kupiga stori na watu, anasimulia walichokula jana, anamtania mwenzake aliyekosea hatua kwenye wimbo wa pili, na ukumbi mzima unacheka. Pale hakuna romaji (Kijapani kilichoandikwa kwa herufi zetu hizi za a b c), hakuna tafsiri, hakuna korasi itakayorudi mara tatu ukadaka ulichokosa. Pale ndo lugha ilipo.

Sisi watu wa huku tunalijua hili kuliko watu wengi duniani. Miaka na miaka watu wa Dar, Nairobi, Kampala na Bujumbura wameimba Kilingala cha Franco na Tabu Ley na Koffi Olomide neno kwa neno, sebene likianza mtu anajua mpaka majina ya watu wanaotajwa mle ndani, lakini mshushe mtu huyohuyo sokoni Kinshasa akanunue mihogo uone atakavyohangaika, na wala hakuna anayemshangaa kwa sababu hakuwahi kusema anajua Kilingala, alisema anaupenda muziki basi. Na huko Marekani ilikuwa hivohivo, Kyu Sakamoto alipofika namba moja kwenye chati ya Billboard Hot 100 mwezi Juni 1963 na kukaa pale wiki tatu, wimbo ulikuwa Kijapani kitupu, walioununua wengi hawakuelewa hata sentensi, na jina walilouziwa lilikuwa Sukiyaki, chakula cha nyama ambacho hakihusiani kabisa na maneno ya wimbo wenyewe. Muziki haujawahi kudai uelewe ndio upende.

Sasa shabiki wa J-pop wa leo yuko tofauti kidogo na msikilizaji wa 1963, na tofauti yenyewe ndo inayoleta shida. Huyu wa leo anasoma kweli. Ana apu ya kadi za kukariri, ana kitabu cha sarufi, ana maneno ya nyimbo yamepangwa mistari mitatu mitatu, Kijapani juu, romaji katikati, tafsiri chini, anasikiliza wasanii kama YOASOBI au Ado akiwa kwenye daladala huku anafuatisha. Baada ya muda anaucheza wimbo, kila mstari unaingia kichwani na maana yake, na anapata ile raha ya kuelewa. Raha ni ya kweli kabisa. Tatizo ni kwamba sikio lake halijafanya kazi yoyote pale, maana aliijua tafsiri kabla sauti haijafika, kichwa kinarudisha kilichokihifadhi na yeye anahesabu kuwa ameelewa.

Kuna njia rahisi ya kulijaribu hili. Chukua neno aitai, yani nataka kukutana na wewe, ambalo ukisikiliza nyimbo za mapenzi za Kijapani kwa wiki moja tu utakuwa umeshalisikia mpaka umechoka. Kila shabiki analijua. Sasa mwambie aseme "sikutaka kukutana". Jibu ni aitakunakatta, hakuna kanuni ngumu hapo, ni sarufi ya kitabu cha kwanza, lakini utashangaa watu wangapi wanaokwama sekunde kumi wakati aitai yenyewe wameiimba maelfu ya mara. Mtu wa hivo ana kipande cha wimbo, kitenzi chenyewe bado hana. Na ndo hivohivo kwa mamia ya maneno mengine, yamekaa kichwani yakiwa yameganda vilevile yalivyoimbwa.

Alafu kuna suala la matamshi, na hapa wazungumzaji wa Kiswahili tuna mtego wetu wa peke yetu. Kijapani kina irabu tano, a i u e o, silabi zake nyingi zinaishia na irabu, na hata ile "n" inayosimama peke yake kama silabi kamili haitusumbui, si tunayo kwenye nchi na nne. Kwahiyo Mswahili akisoma romaji kwa mara ya kwanza anatoka vizuri kuliko Mwingereza aliyesoma miezi sita, anasifiwa, na sifa inamlewesha. Lakini angalia kinachobaki. Kijapani kinatofautisha irabu fupi na ndefu, obasan ni shangazi au mama wa makamo na obaasan ni bibi, na sisi tumezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kwa kila neno, kwahiyo tunaivuta silabi ambayo Mjapani haivuti na tunaikata aliyoivuta. Kijapani hakina mkazo wa namna hiyo, kina kupanda na kushuka kwa sauti, ndo kinachotenganisha hashi ya daraja na hashi ya vijiti vya kulia. Na wimbo hauwezi kukufundisha hilo hata kidogo, kwa sababu kwenye wimbo melodi ndo inayoamua sauti ipande wapi na ishuke wapi, na irabu inavutwa kufuata noti. Hata ile "u" ya mwisho kwenye desu, ambayo Mjapani wa Tokyo akiongea inakaribia kupotea kabisa, kwenye wimbo inaweza kupewa noti nzima na kuimbwa waziwazi. Shabiki aliyejifunza kwa kuimba anaongea na noti zote zikiwemo.

Lugha yenyewe ya mashairi nayo ni kitu cha pekee. Vineno vidogo vinavyoonyesha kazi ya kila neno kwenye sentensi, kama wa, ga na o, vinaangushwa hovyo ili mstari utoshe kwenye mdundo. Nyimbo nyingi sana za kundi la wasichana la AKB48, ambazo mashairi yake ameandika Akimoto Yasushi, zinaimbwa na wasichana lakini anayeongea ndani ya wimbo ni boku, mimi ya mvulana, na anayeambiwa ni kimi, wewe ya mtu wa karibu. Ni uzuri wa aina yake na sina ugomvi nao. Lakini mtu akitoka na kimi yake kwenye wimbo akaenda kumwita hivo mhudumu wa duka au mama mwenye nyumba atakuwa amekosa adabu, bila kujua, akiamini kabisa ametumia neno zuri la mapenzi alilolipata kwa msanii wake. Fujii Kaze naye, yule mwimbaji wa mkoa wa Okayama, wimbo wake wa 2020 ulisambaa dunia nzima mwaka 2022 kupitia TikTok, na Kijapani kilichomo mle kina lahaja ya magharibi ya Japani. Vijana wa mataifa yote wakakariri kitu ambacho kitabu cha Kijapani cha darasani hakifundishi, na ni sawa, ni lugha halali ya watu, ila kama ndo umeitumia kujipimia N yako basi umepima kwa rula ya mtu mwingine.

Na maandishi ndo yana vituko zaidi. Washairi wa Kijapani wana utamaduni wa kuandika kanji moja na kuisomesha vingine, wanaandika kanji za uchuu, anga la mbali lenye nyota, alafu mwimbaji anaimba sora, mbingu. Wanaandika riyuu, sababu, anaimba wake. Wanaandika shunkan, yani punde, anaimba toki. Mjapani akisoma karatasi ya maneno anapata maana mbili kwa mpigo na anafurahi. Wewe uliyejifunza kanji zako kwa kufuata nyimbo unaingia kwenye mtihani unakuta zile kanji, unachagua usomaji wa wimbo, na unakosa swali la rahisi kabisa.

Kitu kingine ambacho watu hawakiongelei ni jinsi msamiati wa shabiki unavyokuwa na mabonde na milima. Mtu hajui kusema bomba linavuja, hajui mfuniko, hajui kupiga pasi, lakini anajua chusen (ile droo ya kugombania tiketi), anajua tosen umepata na rakusen umekosa, anajua genteiban toleo la idadi maalum, anajua katsudo kyushi kusimamisha shughuli, anajua sotsugyo, ambayo shuleni ni kuhitimu na kwa mabinti wa makundi ni kuondoka kundini. Kadhaa kati ya haya ni maneno mazito, ya kwenye barua rasmi na magazeti, mwanafunzi wa darasani anakutana nayo amechelewa. Kwahiyo shabiki akikutana na orodha ya maneno ya levo za juu anatambua mengi na kusema "kumbe mimi niko mbali", na akikutana na orodha ya chini anaona mapengo na hajui ayahesabu vipi. Levo ni mstari ulionyooka na ujuzi wake haujanyooka. Hapo hakuna uvivu wala majivuno ya mtu, ni maisha yake tu ndo yamempitisha njia hiyo.

Sasa tuje kwenye huo mtihani ambao kila mtu anautaja. JLPT ulianza 1984, unaendeshwa na Japan Foundation pamoja na taasisi ya JEES, mpaka 2009 ulikuwa na ngazi nne, na kuanzia 2010 zikawa tano, N5 ya chini mpaka N1 ya juu, N3 ikachomekwa katikati kwa sababu pengo la pale lilikuwa linawavunja watu moyo. Unafanyika Julai na Desemba, sio kila mji una awamu zote mbili, na kwa upande wetu Nairobi ni moja ya vituo. Alama ni 180. N1 unafaulu kwa 100, N2 kwa 90, N3 kwa 95, N4 kwa 90, N5 kwa 80. Maswali yote ni ya kuchagua jibu. Huandiki sentensi hata moja, hufungui mdomo hata mara moja. Yani mtu anaweza kuwa na N1 na hajawahi kumwambia Mjapani yeyote habari za asubuhi, mtihani wenyewe haujawahi kuficha hilo, ni sisi tunaoligeuza cheti kuwa picha ya mtu mzima.

Na kuna kitu ndani ya zile alama ambacho kila shabiki angetakiwa akijue. Kuanzia N3 kupanda, 180 zinagawanywa mara tatu, 60 za msamiati na sarufi, 60 za kusoma, 60 za kusikiliza, na kila fungu lina kiwango cha chini cha 19, ukipata 18 hata kwenye fungu moja umefeli hata kama jumla imevuka. Fikiria maana yake. Mtu anaweza kuchukua N2 akiwa na 19 za kusikiliza, akajazia 71 kwenye hayo mawili mengine, ikafika 90, cheti kikatoka. Na shabiki mwingine aliyesikiliza redio za Japani usiku na mchana miaka mitano anaweza kupata alama za juu kabisa za kusikiliza akaangushwa na kusoma, akarudi nyumbani na neno moja tu, hajafaulu. Huyu wa pili kwenye MC anacheka na ukumbi, yule wa kwanza anaangalia watu wanacheka. Ndo maana mtu akiniambia ana N fulani mimi nauliza kusikiliza ulipata ngapi, kwa sababu kwa shabiki hiyo namba ndo inaongea.

Masaa nayo yanadanganya. Ule mtihani wa zamani ulikuwa na muongozo uliosema ngazi ya chini ni kama masaa 150 ya kusoma, kanji 100 na maneno 800, na ya juu kabisa masaa 900, kanji 2000 na maneno 10,000. Wakati huohuo chuo cha FSI cha wizara ya mambo ya nje ya Marekani, kinachofundisha wanadiplomasia, kinakiweka Kijapani kwenye kundi la lugha ngumu kuliko zote kwa mzungumzaji wa Kiingereza na kukadiria masaa 2200 ya darasani. Tofauti kubwa hivo inatokana na kilichokusudiwa, wale wa FSI wanataka mtu atakayekaa kwenye meza ya mazungumzo na afanye kazi kwa kuongea, na ule muongozo ulikuwa wa karatasi ya kuchagua majibu. Shabiki anayejihesabia masaa ya kusikiliza albamu akisema ameshavuka 900 anachanganya vitu vitatu kwa pamoja.

Hata waandaaji wa mtihani wanajua kuwa kujipima ni kitu cha kuangaliwa kwa makini. Wana orodha yao ya "naweza kufanya hiki", iliyotokana na kuwauliza watahiniwa wa 2010 na 2011 wanajiona wanaweza nini, na mle ndani kuna kuongea na kuandika ambavyo mtihani haupimi kabisa, na wanaeleza wazi kuwa hiyo ni picha ya jinsi waliofaulu wanavyojiona, haithibitishi kuwa kweli wanaweza. Naiheshimu sana hiyo orodha kwa huo uwazi. Ningependa kila shabiki anayejiandika N3 aweke maneno hayohayo chini yake.

Turudi kwenye MC, maana hapa ndo nina la kusema zaidi. Sio lazima uwe Tokyo. Wasanii wa Japani wanaongea sana, pengine kuliko wa nchi nyingi, redio bado ina nguvu kule, kipindi cha All Night Nippon kiko hewani tangu 1967 na waimbaji wakubwa wamekaa pale kuendesha, na ukiacha redio kuna laivu za simu, kuna vidio za nyuma ya pazia, kuna DVD za shoo zenye MC nzima. Chukua dakika kumi za maongezi ambayo hujawahi kuyasikia. Sikiliza mara moja tu. Zima maandishi ya chini, zima tafsiri ya mashine, maana hiyo ndo inawadanganya watu siku hizi kuliko kitu chochote, macho yanasoma Kiingereza na moyo unasema nimesikia Kijapani. Ukimaliza jirekodi kwenye simu ukisimulia kwa Kiswahili walichoongea, kama unamsimulia dada yako. Kesho yake rudia na msaada wote unaoutaka uone umekosa wapi.

Utakachogundua, na hili ndo linanifanya niiamini hii njia, ni kwamba makosa hayatakuwa kwenye maneno magumu. Yatakuwa kwenye nani na kwenye ndio-au-hapana. Kijapani kinamwacha mtenda bila kumtaja pale kinapoona anajulikana, na sisi kwenye Kiswahili tumezoea kitenzi kituambie, nilienda, ulienda, alienda, kila kitu kimebebwa pale mbele, kwahiyo sikio letu linasubiri alama ambayo haiji. Unasikia mtu alisahau viatu vya shoo hotelini, unaandika ni mwimbaji kiongozi, kumbe alikuwa anamsema mpiga ngoma. Na ukanushi unakuja mwishoni kabisa mwa sentensi, alafu baada yake kunaweza kufuata ule mkia wanaoupenda sana, to omotteta n desu kedo, nilikuwa nafikiri hivo lakini, ambao unageuza kila kitu kilichotangulia. Shabiki aliyezoea kudaka maneno ya katikati anaondoka na stori iliyopinduka. Anasimulia kuwa msanii alitaka kuacha muziki, wakati alichosema ni kwamba zamani aliwahi kufikiria hivo na sasa hafikirii tena.

Mimi ningejipangia hivi. Kama unadaka majina na mada tu, wanaongelea chakula, wanaongelea safari, hapo uko mwanzoni bila kujali una kanji ngapi. Kama unaweza kusimulia kilichotokea, nani alimfanyia nini nani na kikaishaje, hapo una lugha mkononi, na ni hatua kubwa mno, iheshimu. Na kama unajua kwanini watu walicheka, unacheka nao bila kuchelewa, basi hiyo ni levo ambayo vyeti vingi havifiki, na mtu asikutishe kwa herufi na namba.

Kwenye kuongea kanuni ni ileile. Makundi kama AKB48, lililoanza Akihabara mwaka 2005, yalijenga utamaduni wa akushukai, unanunua CD unapata tiketi ya kumshika mkono msanii kwa sekunde chache, na siku hizi yapo na maongezi mafupi kwa vidio. Shabiki wa nje anakariri sentensi yake kwa wiki mbili, anaisema bila kosa, anarudi akiwa na furaha na akiwa na uhakika kuwa anaongea. Ile sentensi ilikuwa wimbo mwingine tu. Kipimo kilikuwa pale msanii alipomuuliza kitu, umetoka wapi, umekuja na nani, hii fulana umenunua lini, na kilichotoka mdomoni mwake baada ya hapo. Na lile neno la sifa, nihongo jozu, Kijapani chako kizuri, wanampa hata aliyesema asante peke yake, ni ukarimu wa watu wale na upokee kwa shukrani, ila usiliingize kwenye hesabu.

Kwanini nalikazania hivi jambo ambalo mtu anaweza kusema ni starehe ya watu? Kwa sababu mashabiki hawa ndo wanaowatafsiria wenzao. Taarifa ya kampuni ya msanii inatoka saa nne usiku ya Tokyo, imeandikwa kwa keigo, ile lugha ya heshima yenye vitenzi vinavyopindapinda, na ndani ya dakika chache kuna mtu mwenye "N3 hivi" ameshaitafsiri na maelfu wanaisoma. Kusimamisha shughuli kunageuka kustaafu. Msamaha unageuka utetezi. Watu wanalia, wanagombana, wanamtukana mtu ambaye hakusema kile, na marekebisho yakija kesho hayasomwi na nusu yao. Anayetafsiri anafanya kwa upendo na bure, namshukuru, ila namuomba kitu kimoja, sentensi ambayo huna uhakika nayo iwekee alama uwaambie watu kuwa hapa sijaelewa vizuri. Hiyo ina thamani kuliko spidi.

Na kuna wale ambao mapenzi ya muziki yamewapeleka kwenye mpango wa kwenda Japani kabisa. Viza ya kazi ya tokutei gino, yani ujuzi maalum, iliyoanza Aprili 2019, inataka kwa kawaida N4 au JFT-Basic, mtihani mwingine wa Kijapani cha msingi, na pale dirishani levo ya kujipa haipokelewi. Nimeona vijana wazuri wakiruka N5 na N4 kwa kujiona wako N3, wanajisajili juu, wanafeli kwa fungu moja, wanapoteza mwaka mzima kwa sababu kituo chao kina awamu moja tu.

Lakini nisije nikaeleweka kama nawashusha watu, maana upande wa pili ni mkubwa na unaniuma zaidi. Kuna mashabiki wanaojidharau. Anasikiliza redio ya masaa mawili na kusimulia yote, anajua utani wa kundi zima, anawaandikia barua wasanii wake kwa mkono, alafu ukimuuliza anasema "mimi najua vineno tu" kwa sababu hajawahi kukaa darasani na sarufi akiulizwa kwa majina yake hajui. Utafiti wa Japan Foundation wa 2021 ulihesabu wanafunzi wa Kijapani karibu milioni 3.8 duniani nje ya Japani, na ulihesabu walio kwenye shule na taasisi. Huyu hayumo. Amejifunza chumbani kwake kwa headphone za bei rahisi, hana mwalimu wa kumwambia umefika, na idhaa ya Kiswahili ya NHK World yenye masomo ya Kijapani ndo darasa pekee ambalo labda amewahi kuliona kwa lugha yake. Watu hawa ndo ningependa waende wakafanye mtihani kuliko wote, na wasianzie chini, waangalie kwanza karatasi za mfano ambazo ziko wazi kwenye tovuti ya JLPT, wafanye fungu la kusikiliza la N3 na la N2 kwa saa kabisa, kisha wajue kuwa kinachowabakia ni kusoma, na kusoma kunafundishika.

Kuanzia mtihani wa Desemba 2025 karatasi ya matokeo inaonyesha pia levo ya CEFR, ule mfumo wa Ulaya wa A1 mpaka C2, na imewashtua wengi. Aliyepita N2 kwa alama 90 mpaka 111 anasomeka B1, kuanzia 112 ndo B2. N1 ya alama 100 mpaka 141 ni B2, na C1 inaanzia 142. Walioizoea N1 kama kilele cha mlima wanakuta bado kuna ngazi juu yake, na bado mle ndani kuongea hakujapimwa. Mimi nimefurahi, kwa sababu inawalazimisha watu waangalie alama na sio herufi tu. Ukiwa unaandika wasifu wako basi weka hivo, N3, kusikiliza 48 kati ya 60, kusoma 25, kuongea sijapima. Na kama hujafanya mtihani andika unachoweza: naelewa MC bila maandishi ila utani unanipita, nasoma taarifa za tiketi kwa kamusi, barua nahitaji mtu wa kuikagua. Mjapani au shabiki mwenzako akisoma hayo anajua aanzie wapi kuongea na wewe.